Kokoto za Kikondo

Njiapanda ya Isyonje, siku ya kukata utepe.
Ukungu umeshuka mpaka kwenye ndoo za viazi
na mgeni rasmi bado yuko Uyole, wanasema, anakunywa chai.
Sanamu imefunikwa shuka la bluu.
Mimi najua kilichomo. Nimekoroga zege lake
siku tisa, elfu kumi na mbili kwa siku,
na ile siku ya kwanza sijalipwa mpaka leo.

Kilichomo: mtu wa saruji juu ya farasi wa saruji.
Tulimwambia msanifu, bwana, huku farasi hawakuwapo,
barua zilikwenda kwa miguu.
Akatuonyesha simu yake: nchi fulani,
mpanda farasi, mkoba, kofia, vumbi.
"Farasi anapendeza," akasema.
"Mtu peke yake anaonekana maskini."

Mtu peke yake aliitwa Lutangilo Tweve,
babu yangu mzaa mama,
tarishi wa Isyonje hadi Bulongwa.
Kaptura ya kaki, mkuki kwa ajili ya chui,
mkoba wa turubai wenye lakiri
ambayo hakuruhusiwa kuigusa hata kwa ukucha.
Miguu yake naikumbuka kuliko uso:
nyayo zimepasuka, na ndani ya mipasuko
udongo mweusi wa Kitulo
uliogoma kutoka kwa sabuni wala kwa jiwe.
Tulimzika nao.

Kitulo, alfajiri ya mwezi wa saba,
majani yanavunjika chini ya unyayo kama chupa.
Alikimbia asigande.
Wakubwa wakaandika: ana bidii.

Kibao hakisemi hili:
mwaka wa vita vya Burma, mkoba mmoja
aliulalia usiku kucha katika kibanda cha Kikondo,
maana mto wa kulalia hakuwa nao.
Akaamka, akala kiazi cha kuchoma, akaufikisha.
Mwinjilisti wa Bulongwa akavunja lakiri,
akasoma. Akasoma tena.
"Tweve," akasema, "keti."

Zefania. Mdogo wake.

Usiku mzima kichwa chake kilikuwa juu ya kifo cha nduguye
na alilala vizuri.
Ndilo jambo ambalo hakujisamehe,
kwamba alilala vizuri.

Kesho yake akarudi na majibu. Barua haingoji matanga.

Pale Kikondo, mlima unapokukata pumzi,
kila tarishi alitupa kokoto moja akienda, moja akirudi.
Hakuna aliyewaamuru.
Shangazi Yustina anasema safari ile
babu hakubeba kokoto, alibeba jiwe,
ukubwa wa kichwa cha mtoto, kutoka mtoni,
mkoba begani, jiwe kifuani, mpaka juu.
Lundo likafika kimo cha ng'ombe.
Wachungaji wakaliita Posta.

Mwezi uliopita mkandarasi alipungukiwa na kokoto.
Tipa likapanda Kikondo saa nne, likarudi saa nane,
likamwaga.
Mawe ya kila rangi, yasiyo ya ukoo mmoja,
yamelainishwa na viganja.
Koleo langu likasimama lenyewe.
Ningesema. Nina watoto watatu
na kazi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.
Nikakoroga.

Lakini lile kubwa nililiona: jeusi, la mtoni,
halina shughuli yoyote mlimani.
Sikulitia kwenye mashine.
Nililibeba kifuani, nikashuka nalo shimoni,
nikalilaza kwa mkono, pale ambapo kwato
ya mbele, ya kushoto, ingekuja kukanyaga.
Msimamizi akauliza, unapanda mbegu?
Nikamwambia ndiyo, mkuu.

Mgeni amefika. Shuka limeanguka.
Makofi, vigelegele, mama wa viazi amesimama juu ya ndoo aone.
Mtoto anauliza, huyo ni nani?
Baba yake anasoma kibao mpaka mwisho:
jina la halmashauri, jina la mgeni, tarehe.
"Ni farasi," anamjibu.

Kweli, anapendeza.
Mimi natazama kwato.
Ile siku ya kwanza, nimeamua,
sitaidai.